Viuno vya Wakwe Zangu

Mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka ya mwisho ya kazi yangu niliitumia kuzunguka milima ya Usambara nikipima unene wa watu. Ninyi mlioanza kazi juzi mmeniomba niandike kidogo niliyoyaona. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu mlikuwa mnaukadiria kwa kutazama viatu vyangu. Nitaandika zaidi habari ya kamba ya katani, ambayo niliivumbua mwenyewe, nikasifiwa kwayo, na nusura imfanye mdogo wa baba mkwe wangu akatwe mguu.

Kazi nilianzia bondeni, zahanati moja upande wa Mazinde, chini ya muuguzi mkuu aliyeitwa Mama Eliwaza. Alikuwa Mpare mwenye sauti ndogo na macho yasiyosinzia. Siku ya kwanza alinikabidhi mizani ya kuning'iniza watoto, ile yenye mfuko kama suruali, akaniambia nipime foleni nzima. Mtoto wa tatu mizani ilisema amepungua vibaya tangu mwezi uliopita. Nikaanza kumsema mama yake mbele za watu. Mama Eliwaza akaja, akatazama, akautoa mkono wa yule mama uliokuwa umeushikilia mguu wa mtoto ili asilie. Mshale wa mizani ukapanda.

"Mizani haijakosea," akaniambia. "Imepima mtoto aliyeshikwa na mama yake. Wewe ulitaka kujua uzito wa mtoto peke yake, lakini hukuhakikisha kama ndicho unachopima."

Kisha akanituma nikamwombe radhi yule mama, mbele ya foleni ileile. Nilimchukia Mama Eliwaza siku hiyo hadi jioni. Baadaye nilifanya naye kazi miaka mingi, na mengi mazuri mnayodhani ni yangu niliyachukua kwake. Alikuwa akipima kila kitu mara mbili. Namba zikifanana alipima mara ya tatu, kwa sababu, alivyosema yeye, mkono ukishajua unachotakiwa kupata huwa unakipata.

Nilihamia milimani nilipoolewa. Kwetu ni Soni, na mume wangu anatoka kijiji cha juu zaidi, ambako ukitupa kabichi kutoka mlangoni utaikuta kwa jirani wa chini. Nilihudumia kliniki za wajawazito na watoto mpaka walipokuja watafiti wa chuo kikuu. Walitaka kujua kwa nini katika vijiji vilevile, kwa watu wanaolima miteremko ileile na kula bada ileile, ugali wetu wa muhogo, kuna koo ambazo watu wake ni wanene kizazi baada ya kizazi, na kuna koo ambazo mtu hashiki mwili hata akila kwa bidii. Walitaka kutazama vinasaba, yaani yale maagizo tunayorithi kwa baba na mama na yanayobebwa katika kila chembe ya mwili. Walihitaji mtu anayejua Kishambaa na asiyechoka kupanda. Sifa ya kwanza nilikuwa nayo. Ya pili niliidanganya kidogo.

Vifaa vyetu havikuwa vya ajabu. Tulikuwa na mizani ya kusimamia, ubao wa kupimia urefu, futi laini ya kupimia kiuno, na vichupa vya mate, kwa kuwa vinasaba hupatikana hata kwenye mate na hakuna haja ya kumchoma mtu sindano ya mkononi. Tulikuwa na karatasi kubwa za kuchorea ukoo, mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, na mstari wa kukata kwa marehemu. Siku hizi mnachora kwenye vishikwambi na mnafikiri kazi imekuwa rahisi. Kuchora hakujawahi kuwa kazi. Kazi ni kuuliza. Usimuulize mama mbele ya watu kama mtoto huyu amemzaa yeye. Msaidie kupeta maharage, mkae, mtoto atatajwa tu.

Mate nayo yalikuwa na mambo yake. Kwetu mate si kitu cha kumwachia mtu aondoke nacho, maana hujui yanakwenda kufanyiwa nini. Bibi mmoja alikishika kichupa, akakigeuzageuza, akasema, "Anza wewe." Nikatema changu. Akataka kukiona kikifungwa, kikiandikwa, kikiingia kwenye sanduku. Ndipo akatema, na akawaita binti zake wote watano. Kwa hiyo katika maabara fulani kuna kichupa cha mate yangu ambacho hakuna aliyekiomba.

Mtu aliyenifanya niipende kazi ile alikuwa muuza kabichi wa sokoni Soni. Nitamwita Mama Sofia. Alikuwa mnene tangu utotoni, kama mama yake na shangazi zake. Kila zahanati aliyokwenda, hata akienda kwa jino, aliambiwa apunguze kula. Majirani walimwita mlafi. Aliniambia anakula mara moja kwa siku, tena kwa kujificha, kwa sababu akionekana na sahani watu wanakonyezana. Nikamweleza tunachotafuta. Nilimwambia inajulikana tayari kwamba watu hawarithi njaa sawa wala kushiba sawa, na kwamba wapo ambao miili yao hutunza akiba kuliko ya wengine.

"Kwa hiyo mimi si mlafi?" akauliza.

"Ulafi wako siujui, dada," nikamjibu. "Ninachojua ni kwamba unene peke yake si ushahidi."

Alicheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, kisha cheko likageuka likawa kilio, nami nikakaa naye pale kwenye magunia hadi akatulia. Nilirudi nyumbani najivuna siku ile, na bado najivuna. Kwa miaka mingi sisi wauguzi tumewapa watu kama yeye karipio tukidhani tunawapa tiba, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Sasa niingie kwenye kamba.

Wakubwa wa mradi walipopanga vijiji, mmoja wao aligundua kwamba kijiji cha ukweni kwangu kimo kwenye orodha. Wakafurahi. Walisema, wewe unajulikana kule, watakupokea. Ilikuwa kweli. Lakini ninyi mliolelewa huku mmeshaona tatizo kabla sijalitaja. Mwanamke wa kwetu na baba mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Nampikia, namwamkia nikiwa nimepiga goti, nazungumza naye nikitazama chini. Kumgusa siwezi. Na ili kupima kiuno cha mtu unamwambia avue koti, unamzungushia mikono, unatafuta kitovu, unamwomba atoe pumzi. Baba mkwe wangu, Mzee Hassani, alikuwa na wadogo watatu, Saidi, Jumaa na Athumani, na wote wanne kwangu ni wakwe. Nusu ya wazee wa kitongoji kile ni wakwe zangu kwa namna moja au nyingine.

Mwenzangu wa kiume kwenye timu alikuwa Joeli, mtoto wa vibarua wa chai waliotoka Njombe, ambaye hana mkwe hata mmoja katika milima hii yote. Ningemngoja yeye. Lakini Joeli alikuwa ameshuka Magoma kupima watu wa tambarare, na angerudi baada ya wiki tatu. Nilikuwa nimeahidi ofisini kwamba nitamaliza kijiji kabla ya hapo, nami nilipenda sana kumaliza kabla. Basi nikavumbua. Nilikata kamba laini za katani, nikazipeleka kwa wazee kupitia mama mkwe, na maelekezo kwamba kila mmoja aingie chumbani, ajizungushie usawa wa kitovu juu ya ngozi, afunge fundo pale ncha inapofika. Kamba itolewe nje, nami niipime juu ya meza. Heshima ibaki, na namba ipatikane.

Ulikuwa mwezi wa saba, baridi ile ya ukungu inayoingia hadi kwenye sukari. Wazee wakaingia chumbani na makoti yao. Baada ya muda mama mkwe akatoka na kamba nne juu ya sahani, zimepangwa kwa ukubwa wa wenyewe, kila moja na karatasi yenye jina. Nikapima. Mzee Hassani tisini na nane. Saidi tisini na saba. Jumaa tisini na tano. Athumani tisini na tatu.

Vitepe vya kupimia sukari vilikuwa haba, kwa hiyo mradi uliweka mstari. Mwanamume aliyezidi sentimita tisini na nne ndiye aliyepimwa sukari palepale. Watatu wa juu walipimwa, kila mmoja akijichoma kidole mwenyewe. Athumani hakufika mstari. Nikamwandika hana haja.

Na hapa ndipo ninapoona haya, tena si kwa sababu ya kamba peke yake. Mizani nilikuwa nayo uwanjani. Athumani alipopanda juu yake ilisoma kilo mia na tano. Niliiandika kwa mkono wangu. Mtu wa kilo mia na tano ana kiuno cha tisini na tatu, nami nikasema moyoni, ni mrefu, ni mkulima, ni misuli, na koti lile ni zito. Sikuwa nimemtazama vizuri hata mara moja, kwa kuwa mkwe hatazamwi. Mizani ilinipa habari nikaikataa, kwa sababu kamba ilikuwa yangu na mizani ilikuwa ya serikali.

Kwenye kikao cha mwezi nilieleza mbinu ya kamba, nikapigiwa makofi. Niliitumia katika vijiji vingine viwili.

Miezi minne ikapita. Siku moja nikapigiwa simu na Kelvin, kijana wa takwimu aliyeko Dar es Salaam, mpole na mchapakazi, ambaye milima aliijua kwa kuiona kwenye ramani.

"Sista, ule ukoo wako una kitu," akasema. "Ndugu wote wanashuka kiuno kwa kufuata umri. Mkubwa, anayefuata, anayefuata, kama ngazi. Na si ukoo huu tu. Kwenye vijiji vyako vitatu, karibu kila mahali penye kaka na wadogo zake, ni hivyohivyo. Kwa wenzako haipo. Nimeshindwa kulala, nafikiri tumegundua jambo."

Nilianza kucheka. Kisha akaongeza, "Tena huyu wa mwisho, Athumani, ana kilo mia na tano. Kiuno cha nyigu huyu?"

Cheko likanikauka. Nilimwambia nitampigia baadaye, nikavaa viatu, nikapanda bodaboda hadi inapoishia njia, na kilichobaki nikakipanda kwa miguu.

Mama mkwe nilimkuta jikoni anamenya viazi. Nilimsalimu, nikachukua kisu cha pili, nikamuuliza taratibu kama siku ile ya kamba wazee waliingia chumbani mmojammoja.

"Waliingia pamoja," akasema. "Mzee akajipima kwanza, akaitundika kamba yake kwenye msumari. Wengine wakafuata."

"Na wao walijipima miilini mwao, mama, au waliipima kamba ya baba?"

Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza kwa nini maji hayapandi mlima.

"Mama Salimu, umeolewa hapa miaka mingapi? Athumani alikaa na mabati stoo miaka miwili, mvua inamnyeshea kwenye nyasi, akingoja kaka yake aezeke kwanza. Hajawahi kukalia kiti kirefu kuliko cha kaka yake. Wewe ulitaka atoe kamba ndefu kuliko ya Hassani, tena iwekwe sahani moja?"

Niliendelea kumenya kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Nikamuuliza hali ya Baba Mdogo Athumani. Akasema anakunywa maji kama ng'ombe, anakonda usoni, na ana kidonda mguuni tangu alipojikata na jembe wakati wa kuandaa mashamba ya vuli. Anakiosha kwa maji ya chumvi na kukificha ndani ya buti la mvua. Hataki kaka yake ajue.

Kidonda kisichopona, kiu isiyoisha, unene wa tumbo uliofichwa na fundo. Sihitaji kuwaeleza ninyi maana yake. Mguu wa mtu mwenye sukari ya namna hiyo unaweza kuoza ukakatwa, na wakati mwingine mwenyewe hufuata. Mimi nilikuwa nimemwandika hana haja. Nilimweleza mama mkwe yote, na nikamwambia kosa ni langu, si la Baba Mdogo. Aliweka kisu chini, akanyanyuka kwenda kwa mumewe, kwa sababu jambo lile halikuwa la mimi kulipeleka.

Joeli alifika asubuhi iliyofuata na futi, mizani na mashine ya sukari. Mzee Hassani alikuwa ameshawaita wadogo zake. Walikaa sebuleni kwa kupangana kama ilivyo kawaida yao, Athumani mwisho, karibu na mlango, na buti miguuni. Mimi nilikaa kwenye mkeka upande wa jikoni, nikiwasikia na kuwaona nusu.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, Mama Salimu." Kisha akaongeza, "Nimeambiwa kazi yako imeharibika kwa sababu yetu."

"Imeharibika kwa sababu yangu, baba. Nilileta kamba mahali pasipofaa kamba."

Akamgeukia mdogo wake. "Athumani. Vua koti. Utaanza wewe."

"Kaka, mimi nikutangulie?"

"Sijakuuliza. Nimekutuma."

Nimefikiri mara nyingi juu ya maneno yale. Mimi ningetumia saa nzima kumweleza Athumani umuhimu wa vipimo, naye angeitikia kila neno na asivue koti. Kaka yake hakumwomba aache heshima. Alimpa agizo, na kulitii agizo ndiyo heshima yenyewe. Athumani akasimama, akavua koti, akavua sweta mbili. Joeli akamzungushia futi. Mia moja na kumi na saba. Akapima tena, mia moja na kumi na saba, na nilipokohoa kutoka jikoni akapima mara ya tatu.

Kisha kidole. Mashine ilifikiri, na badala ya namba ikaandika herufi mbili.

"Hiyo ni ngapi?" Mzee Hassani akauliza.

Joeli akanitazama. Nikajibu mimi, macho yangu kwenye mkeka. "Ni kiasi ambacho mashine imeshindwa kukihesabu, baba. Leo hii anatakiwa hospitali. Na tuuone mguu."

Buti lilipovuliwa harufu ilifika hadi jikoni. Mzee Hassani aliutazama mguu ule kwa muda mrefu. 

"Mdogo wangu amenipisha kwenye kila kitu," akasema. "Kumbe kwenye kifo alitaka kunitangulia."

Athumani alilia. Nililia na mimi, kanga mdomoni, kwa hofu na kwa aibu.

Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, vijana wakipokezana, na kwa gari la mboga hadi hospitali Lushoto. Daktari aliyempokea alisema wazi kwamba huenda mguu ukakatwa, na kwamba atajua baada ya siku chache. Siku zile nilikaa kwenye benchi la wodi kama ndugu wa mgonjwa, si kama muuguzi, na niligundua jinsi sisi wenye sare tunavyopita haraka mbele ya watu wanaosubiri. Mzee Hassani alikuja kila siku ya kuangalia wagonjwa, amevaa kanzu, akikaa kitandani kwa mdogo wake. Siku ya tisa walikata kidole kimoja cha mguu, kile kidogo cha mwisho. Mguu ulibaki. Daktari akasema tungechelewa wiki mbili zaidi asingekuwa na cha kuokoa.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao cha mradi. Nilisimama pale pale nilipopigiwa makofi, nikasema namba zote za kamba zitupwe, vijiji vitatu, na nikaeleza kwa nini, pamoja na habari ya mizani niliyoipuuza. Nilikuwa nimeshaandika barua ya kuacha kazi, imo mkobani. Kelvin alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, maskini, ugunduzi wake unakwenda na maji. Daktari mkuu wa mradi, mama wa maneno machache, hakunigombeza. Akauliza chumba kizima, "Nani mwingine amepima wakwe zake?"

Kisha mkono mmoja ukainuka, na mwingine. Mmoja alikadiria kwa macho. Mwingine alimpima mumewe akaandika ndiyo ya baba mkwe, kwa kuwa wanafanana. Barua yangu ilibaki mkobani. Siku ile ndipo ilipoandikwa ile kanuni mnayoikuta ukurasa wa pili wa mwongozo wenu, kwamba mpimaji asiingie nyumba yenye mkwe wake, na namba mbili zinazopingana zikikutana mtu asiondoke mpaka apime upya. Mmezoea kuiruka mkisoma. Ilitoka kwenye mguu wa mtu.

Mimi na Joeli tulirudia vijiji vyote vitatu, nyumba kwa nyumba, yeye akipima na mimi nikiandika na kuomba radhi. Viuno vya kweli havikuwa na ngazi yoyote. Lakini unene ndani ya ukoo wa mume wangu ulikuwepo kweli, kwa kaka, kwa dada walioolewa mbali, na kwa watoto waliolelewa na bibi tofauti.

Wakubwa waliporudisha majibu tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wazee wakiwa wamekalia madawati ya watoto. Watafiti walisema kwa tahadhari, kama wanavyosema siku zote, kwamba hakuna jeni moja, yaani agizo moja la kurithi, inayotia unene. Ziko nyingi, kila moja inasukuma kidogo, na chakula na kazi na dhiki na umri navyo vinasukuma. Mzee Saidi akainua mkono akauliza kama maana yake ni kwamba wao wamehukumiwa. Watafiti wakaanza kueleza asilimia. Nikaomba niseme kwa Kishambaa.

Niliwaambia mmerithi shamba la mteremko. Hamkulichagua, na hakuna mtu mwenye haki ya kuwacheka kwamba udongo wenu unashuka haraka kuliko wa jirani wa bondeni. Lakini kila mmoja humu anajua kupiga matuta. Anayejua shamba lake ni la mteremko hupiga matuta mapema, na mwenye la tambarare anaweza kujisahau.

"Na mimi nilikuwa nimelifunika na koti," Baba Mdogo Athumani akasema kutoka nyuma, na darasa likacheka, hata kaka yake. Mwezi uliofuata watoto wake wote wanane walikuja kupimwa sukari. Wawili walikutwa inaanza kupanda, bado mapema. Wanaendelea vizuri, na mmoja wao hunipigia simu kunisomea namba zake kila Ijumaa kana kwamba ni matokeo ya mpira.

Watu huniuliza kama ninajuta. Najuta miezi ile minne, na kile kidole. Lakini nikiulizwa nilifanya nini cha maana katika kazi hii sitaji vichupa nilivyovipeleka maabara. Nataja kwamba nilirudi kule juu siku ileile niliyojua nimekosea, na kwamba nilisema kosa langu mahali pale pale niliposifiwa. Hilo najivunia, na sioni aibu kuwaambia.

Mzee Hassani alifariki mwaka jana, kwa uzee, usingizini. Mimi sikufika makaburini, wanawake kwetu hatuendi, nilikuwa jikoni na masufuria. Mume wangu ndiye aliyenisimulia aliporudi, viatu vimejaa udongo. Alisema kaburi lilikuwa limechimbwa kwenye mteremko, limelowa na linateleza, na vijana wakawaambia wazee wakae pembeni, wao ndio watashuka kumpokea marehemu. Baba Mdogo Athumani akakataa. Akavua makobazi, akashuka peke yake bila kushikwa, akasimama mle chini kwa miguu yake miwili, akampokea kaka yake.